Nani Aliipaka Miti Mafuta

Khaemba alitaka arudishiwe pesa zake.
Shilingi elfu moja na mia mbili, alikuwa amezihesabu,
thelathini kila jioni, jioni arobaini,
hapa Kondele, nyuma ya mashine ya posho,
ambapo unga hutua juu ya skrini zangu
nami huzifuta kwa fulana kuukuu.

Wengine wote huja kwa mpira.
Wanafungwa saba bila, wanatukanana, wanalipa, wanaenda.
Yeye alichagua ule mchezo wa kona,
wa ndugu wawili wanaovuka nchi ya theluji
wakimpelekea mama yao dawa.
Jina la yule mdogo lilitushinda kutamka,
tukamwita Omolo, kwa jinsi anavyochechemea.

Naye Omolo hufa darajani.

Ukimpa koti, hufa na koti.
Ukimwacha kijijini, hukufuata usiku, hufa.
Ukilivunja daraja mapema kwa werevu wako,
mto huganda, mnapita juu ya barafu, na barafu...
basi.
Khaemba alijaribu njia tano.
Ya tano hakula mchana ili ailipie.

"Waliniuliza," akaniambia, pedi bado mkononi, imelowa jasho.
"Kila mahali waliniuliza: kulia au kushoto?
Umwambie ukweli au umfiche?
Kama kaburi lilishachimbwa,
kwa nini waliniuliza?"

Mimi ni fundi wa nyaya.
Nikatoa lile lililokuwa karibu na mdomo:
siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.
Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu.
"Sawa. Huko porini miti huteleza yenyewe.
Lakini msitu huu, Odiwuor, una mwenyewe.
Kuna mtu aliketi ofisini, na chai yake,
akaupaka mafuta mti mmoja mmoja."

Hapo alinishika. Ningali nimeshikika.
Aliyenisimulia hadithi utotoni, kule Yala,
hakunipa pedi.
Sungura alikwenda alikokwenda,
nami nilisikiliza mikono mitupu,
nikalia kilio kisicho na hatia.
Ukinipa kitufe, umenitia na lawama.

Achola, auzaye omena mlangoni,
ameufuata mchezo wote kupitia dirishani
bila kulipa hata ndururu. Hakubali.
"Mbona mpira mnajua utaisha dakika ya tisini
na hamlii?"
Tukamcheka. Kisha tukanyamaza kidogo.
Kisha tukamcheka tena, maana si kitu kimoja.

Pesa sikumrudishia. Stima ilikuwa inakaribia kwisha,
nilikuwa na tokeni za kununua.

Wiki mbili kimya. Alhamisi moja ya mvua akaja,
akaweka noti mezani, akaanza mwanzo.
Siku zilizofuata hakukimbia.
Kuna ziwa dogo, sura ya tatu,
ambapo Omolo huomba mvue samaki.
Halina faida: hupati nguvu, hupati alama.
Zile mara tano alilipita mbio.
Sasa aliketi. Saa nzima wakivua samaki wasiolika,
Omolo akirudia mizaha yake minne ileile,
Khaemba akiucheka ule wa tatu kila ulipofika.
Nikamwambia, ndugu, saa inakula pesa.
Akasema, wacha ile.

Alifika mguuni mwa daraja saa mbili usiku.
Akahifadhi. Akazima.
Akaniachia pedi ina joto la viganja,
akaenda Eldoret kutafuta kazi ya mjengo.

Sijui kama hilo ni jibu. Pengine ni woga.
Pengine mchezo umemshinda mara ya sita, kwa namna nyingine.

Mashine imejaa. Kila siku huniuliza,
kwa herufi nyeupe, nifute kipi.
Vijana wa mpira wanangoja, wanapiga meza.
Nami nafuta mechi, ligi, makombe yote ya Kondele,
nikiliruka faili moja
ambamo mtu anachechemea papo hapo kwenye theluji,
anapumua mvuke,
anamngoja kaka yake aseme twende.